Dakika Hamsini

Tikiti imeandikwa dakika hamsini.
Kijana wa ofisi ya Digo Road, aitwaye Bwanaheri,
aliweka rula juu ya ramani ya ukutani,
sifuri juu ya Mombasa, ncha ya kidole Nairobi:
"Kilomita mia nne na ishirini, mama, mstari mnyoofu.
Chai yako haijapoa, ushafika."

Hakunipimia Mtongwe.

Uani kwetu usiku naziona taa za uwanja
ng'ambo ya hori, naweza kuzihesabu.
Kunguru huvuka pale kwa pumzi moja,
akaenda kudokoa majaa ya Port Reitz
na adhuhuri yuwarudi juu ya kamba yangu ya nguo.
Kunguru hana tikiti.

Mimi nilifunga mlango wa upande wangu saa kumi alfajiri.
Mlango wa upande wa pili una kufuli la Shebwana,
lina kutu ya miaka saba.
Katikati ya sebule ya marehemu baba
pana ukuta tuliojenga kwa mifuko mitano ya saruji,
yeye akalipa miwili, mimi mitatu,
na hata hilo tuligombana.

Bodaboda mpaka Likoni.
Feri moja mbovu, ya pili yaja, yaja, haijaja.
Begi nimelikumbata kama mtoto wa homa
kwa ajili ya chupa iliyo ndani.
Kisha Kilindini, Makupa, Kibarani na moshi wake,
na Changamwe malori ya makontena
yamelala barabarani kama yamekodi.
Dereva akazima injini, akatoa mswaki.
Juu yetu ndege ikapita, tumbo jeupe,
nikadhani ndiyo yangu, nikaanza kuisomea dua ya kuaga.

Haikuwa yangu.
Nilifika nikihema, viatu mkononi.
Askari wa mashine akaitoa chupa, akaiinua kwenye taa:
"Hii nini?"
Achari ya ndimu.
"Ya nani?"
Ya ndugu yangu.
Neno hilo likatoka na vumbi lake.
Alikuwa anangoja jibu jingine, au mimi ndiye niliyengoja.
Akanusa kifuniko, akacheka, akanirudishia.

Maana Shebwana alipiga simu mwezi wa Rajabu.
Pole hakusema, wala sikumwambia.
Aliuliza tu: "Mishi, ile achari, bado watengeneza?"
Nikasema ndimu zimepanda bei.
Akanyamaza, nikanyamaza,
salio lake likatukatia.

Saa tatu na nusu tukapaa.
Nilishika mkono wa kiti, kisha wa jirani, akaniachia.
Ndege ikapinda juu ya hori
na mara, chini ya bawa, Mtongwe:
mnazi wetu uliokatika kichwa, tangi la maji la Mzee Chirongo,
na mabati yetu.
Saa tano na nusu nzima zimenichukua
kutoka chini ya paa lile hadi juu yake.
Nikautafuta ukuta.
Kutoka juu kulikuwa na paa moja tu,
na nguo zangu nilizosahau kwenye kamba.
Mawingu yakafunga.

Chai walileta. Kweli haikuwahi kupoa;
magurudumu yakagonga lami ya Embakasi
nami nina nusu kikombe,
baridi inaniingia kwenye vidole vya miguu.

Nilisimama nje na begi langu,
kila mwanamume mwenye mvi nikimtazama mara mbili,
sijui miaka saba hupaka rangi gani.
Nusu saa. Saa.
Nikapiga simu.
"Nakuja, Mishi, nakuja, kuna msongamano,
nimekwama hapa tangu saa nne."
Hapa wapi?

"Barabara ya Mombasa," akasema.